Neno Lililokatwa Mbili

Ubao wa kanisa la Mulongwe, mtaa wa Uvira, ulikuwa mdogo, na balaa lote lilianzia hapo. Zamani palikuwa na ubao mzuri, mpana, wa Mapadri, lakini waasi walipoingia mjini mwezi wa tano, mwaka wa sitini na nne, waliupasua wakaupikia, na masoda wa serikali waliporudi mwezi wa kumi hawakurudi na ubao. Mapadri wenyewe walikuwa wamevuka mpaka kwenda Usumbura. Kilichobaki ni kipande cha mbao ya kitanda, upana wake shibiri mbili, kilichopakwa masizi na kutundikwa kwa kamba kando ya mlango.

Mwenye kuandika juu yake alikuwa Léocadie, mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alijifunza herufi kwa masista alipokuwa msichana, na mwandiko wake mtu aliweza kuusoma akiwa barabarani. Katekista Thaddée hakuweza tena kuandika. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hata Injili alikuwa akiitoa kichwani, kitabu amekishika kwa heshima tu.

"Andika neno moja, Mama Antoine," alimwambia Jumamosi ile, kesho yake ikiwa Jumapili ya pili ya siku za kungojea Noeli. "Andika Majilio. Kubwa, wazee waone."

Léocadie akaandika kubwa. Tusidanganyane, aliandika kubwa mno. Alipofika herufi ya nne ubao ukamwishia. Akasonya, akaangalia kipande cha chokaa kilichobaki, kidogo kama jino la mtoto, akaona kufuta ni kupoteza. Basi akashuka mstari wa pili akamalizia. Kile kistari cha kuunganisha, ambacho masista walimchapa viganja ili akikumbuke, hakikupata nafasi. Juu ikasomeka MAJI. Chini ikasomeka LIO. Akakung'uta mikono akaenda kuanua samaki wake.

Chini ya ubao huo ulikuwapo mtungi, na mtungi huo lazima niueleze, maana watu wa mbali hawana desturi hiyo. Pale Mulongwe, tangu zamani za Thaddée kijana, kila siku ya Majilio Mkristo huja na kata moja ya maji kutoka kwake. Mwingine ameyachota ziwani, mwingine mtoni, mwingine kwenye bomba la soko. Wote humimina katika mtungi mmoja mlangoni. Sala zikiisha, akina mama huyachota na kuyapeleka kwa wasioweza kwenda kuteka wenyewe: wazee, wagonjwa, waliojifungua. Mtu hasemi maji haya ni yangu, yale ni ya fulani. Thaddée alipenda kuwaambia kwamba kumngoja Bwana si kukaa kitako mlangoni, ni kumpelekea maji aliye ndani.

Mwaka ule sakristia ilikuwa imeporwa mpaka misumari. Kitambaa cha zambarau cha altare, rangi ya Majilio, kilikuwa kimekwenda na wenyewe wajuao. Félicité, mmoja wa akina mama wa kupeleka maji, mwenye moyo mzuri na ulimi usiojua kuficha kitu, akatoa kikwembe chake, kitenge cha zambarau, na kwa kuwa altare haikuwapo tena wakauvisha mtungi.

Sasa hebu fikiri. Nani katika Uvira ya mwaka ule hakujua maana ya maji? Waasi walikuwa wakinyunyiziwa maji na waganga wao, kisha wakazikimbilia bunduki wakipiga kelele, "Mai! Mai Mulele!", yaani maji, maji ya Mulele mkubwa wao, wakiamini risasi zitayeyuka. Wengi walikufa na imani hiyo, na wengi waliuawa nao kabla hawajafa. Soda wa serikali aliyetoka mbali, aliyezika wenzake njia nzima ya mto Ruzizi, akiona watu wamekusanyika, mtungi umevishwa nguo, na juu yake pameandikwa MAJI kwa herufi za kuonekana barabarani, atawaza nini? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Safari hii kichwa kiliponzwa na chokaa.

Walikuja Jumapili hiyo saa sita, sala zikiwa ndiyo kwanza zimekwisha, masoda wanne na gari. Mmoja akagonga ubao kwa kitako cha bunduki.

"Nani aliandika hii?"

Léocadie alikuwa hatua tatu kutoka hapo, kata bado mkononi. Alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Thaddée alikwisha kusogea mbele akipapasa hewa.

"Mimi ndiye katekista," akasema. "Ubao ni wangu."

Wakamfunga mikono kwa kamba ya ubao wenyewe. Wakapakia mtungi, ubao na mzee, na yule aliyeuliza akawaambia watu kwamba komanda ana kazi yake hadi jioni, na jua likizama mganga wao atavushwa mto. Haikuhitaji kufafanuliwa. Tangu mwezi wa kumi walikuwa wamevushwa watu tisa, na hakuna aliyerudi hata kuchukua viatu.

Watu wakatawanyika. Léocadie alibaki amesimama palepale, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Alikuwa amenyamaza. Angeweza kusema ni minye, ni mimi niliyeandika, na hakusema, na tusimwonee bure, hakuwa mwoga wa kufa tu. Angesema, wangemuuliza yeye ni nani, na mtoto wake yuko wapi. Mtoto wake wa pekee, Antoine, miaka kumi na tisa, alikuwa milimani na waasi, kama bado alikuwa hai. Mtaa mzima ulinong'ona hivyo, na lisemwalo lipo. Hakuna aliyekuwa amelipeleka kwa masoda. Bado.

Miezi saba alikuwa akimngoja. Kila usiku aliomba Antoine arudi, na kila asubuhi aliomba asirudi, maana akishuka ataonwa. Wenzake kanisani walipoimba njoo, njoo, kumwita Bwana, yeye hakujua aimbe nini.

"Kuna mutu mumoja tu komanda anaweza kumusikia," Félicité alimwambia, akimshika kiwiko. "Na weye unamujua."

Alimjua. Alikuwa Pudentienne, mzaliwa wa kijiji cha Sange, mjane wa Sévère aliyekuwa karani wa teritwari, ile ofisi ya serikali. Waasi walipoingia waliwatafuta makarani kwanza. Walimtoa Sévère mezani, na kijiko chake kilibaki ndani ya mboga ya sombe. Jina lake sasa lilikuwa limeandikwa ukutani pa ofisi pamoja na majina ya waliokufa kwa ajili ya serikali, na masoda waliapa kwa majina hayo. Alimwacha Pudentienne na mimba changa. Mtoto, Agathe, alikuwa na majuma mawili.

Tangu siku ile Pudentienne hakuwa amemsalimia Léocadie. Wakikutana njiani mmoja aligeuka kutazama ziwa. Jumapili ya kwanza ya Majilio Félicité alimpelekea ndoo ya maji ya mtungi, kama inavyopaswa kwa mama aliyejifungua, naye akauliza, "Mama Antoine ametia kata yake humu?" Félicité, ambaye hata angelipwa asingeweza kudanganya, akajibu ndiyo. Pudentienne akaibeba ndoo akaimwaga uani, yote, mpaka tone la mwisho. Jioni hiyo Uvira nzima ilikuwa na habari, na Léocadie aliisikia sokoni kutoka kwa mtu aliyekuwa ananunua ndagala zake.

Huyo ndiye wa kumwendea. Léocadie alikwenda. Njiani alijaribu kupanga maneno, na kila alilolipanga lilivunjika kabla hajafika nalo.

Pudentienne alikuwa ameketi kizingitini akinyonyesha. Hakusema karibu.

"Yambo, Mama Agathe."

"Yambo."

Ni neno la kwanza kumpa kwa miezi saba, na lilitoka kavu. Léocadie akapiga magoti vumbini akamweleza yote: ubao, neno, chokaa, jinsi alivyonyamaza, mzee na jua. Hakujipunguzia kitu. Pudentienne alisikiliza macho yakiwa kwa mtoto.

"Baba Thaddée alimuzika Sévère," akasema mwishowe. "Wengine wote waliogopa. Alikuja peke yake na jembe, haoni, anachimba kwa kupapasa." Akamhamisha mtoto upande wa pili. "Unataka niende kwa komanda."

"Nakuomba, mama."

"Basi nitakuuliza neno moja, na usinidanganye. Sisi tulihamia nyumba hii juma moja kabla. Ofisini walijua ile ya zamani. Waasi walikwenda kule kwanza, wakakuta haina mutu, kisha baada ya nusu saa wakaja hapa, moja kwa moja, bila kuuliza jirani hata mumoja. Nani aliwaonyesha?"

Palikuwa na jibu jepesi, nalo ni sijui. Léocadie alikuwa amelibeba miezi saba, limelainika kwa kushikwa. Na ukweli ulikuwa na meno. Ungeweza kumuua Thaddée, maana mwanamke mwenye hasira haendi kumtetea mtu. Ungeweza kumuua yeye mwenyewe kabla ya jioni. Ungeweza kukaa njiani kumngoja Antoine siku atakayoshuka, na mama gani anamtegea mwanawe mtego kwa ulimi wake? Lakini alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja siku hiyo, na aliona jinsi kunyamaza kulivyomfunga mtu mwingine kamba.

"Ni Antoine," akasema.

Pudentienne aliendelea kumtazama mtoto, na Léocadie akaendelea.

"Ni yeye aliwabebea meza mulipohama. Alijua nyumba. Jioni ile alikuja kwangu, anatetemeka, ananiambia, 'Niliinua kidole tu, mama. Waliniuliza nyumba ya karani, nikainua kidole.' Nikamupa chakula. Akala. Asubuhi akaenda nao." Hakuishia hapo. "Nilijua siku ileile, Mama Agathe. Nilikuja kilioni kwako nikiwa najua."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Kwa mbali, upande wa bandari, chuma kiligongwa kwenye chuma.

"Sévère alikuwa anamufundisha mashine ya kuandika," Pudentienne akasema polepole. "Kila Alhamisi. Na minye nilikuwa ninamupikia." Akamtazama Léocadie usoni kwa mara ya kwanza. "Damu nzito kuliko maji. Umeificha damu yako miezi saba, kila siku unapita hapa na kapu lako la ndagala."

"Ndiyo."

"Inuka."

Pudentienne akajifunga mtoto mgongoni, akafunga kilemba cheusi, akatoka bila kufunga mlango. Alitembea mbele. Léocadie alimfuata nyuma, hatua mbili, kama mtu anayefuata jeneza. Hakujua anapelekwa wapi. Yule mbele hakuwa amesema atasema nini. Alikuwa na maneno mawili mdomoni, moja la kumwokoa mzee na moja la kumtupa mtu mtoni, na njia ya kwenda kwa komanda ilikuwa moja kwa yote mawili. Léocadie alisali, lakini alijikuta anarudia neno moja tu la ule wimbo, njoo, hata hakujua kama ni sala.

Komanda alikuwa amefanya ofisi yake kwenye baraza la duka lililoachwa na wenyewe. Alikuwa mtu wa mto mkubwa wa mbali, msemaji wa Kilingala, kijana bado, amechoka usoni. Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani. Mezani kulikuwa na ubao na kikwembe cha zambarau. Mtungi ulikuwa chini, na kando yake Thaddée ameketi sakafuni, mikono imefungwa nyuma, kichwa amekiinua kuelekea nyayo anazozisikia.

"Mama, unataka nini?"

"Minye ni muke wa Sévère, karani wa teritwari."

Komanda alisimama, akavua kofia. Akasukuma kiti chake mbele, yeye mwenyewe, wala hakumtuma soda. Pudentienne hakuketi.

"Umemufunga katekista wetu. Ni yeye alimuzika mume wangu."

"Mama, huyu iko muganga wa mai." Akagonga ubao. "Soma. Mai. Iko pale."

"Si maji," Léocadie akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni neno moja, komanda. Majilio. Ni siku hizi za kungojea Noeli, Bwana anapokuja. Ubao ulikuwa mudogo, likakatika mbili."

Komanda alisoma tena, juu na chini, midomo ikicheza. Halafu akauonyesha mtungi. "Na hii? Neno ilikatika, sawa. Na hii maji yenyewe? Ya kunyunyizia nani?"

"Hayo nayajua," Pudentienne akasema. "Ninamuogesha mutoto nayo."

Léocadie aligeuka kumtazama. Hakulijua hilo. Alijua ya ndoo iliyomwagwa, kama Uvira nzima ilivyojua. Pudentienne alisema akitazama mbele, kana kwamba anamwambia komanda peke yake.

"Ndoo ya kwanza niliimwaga, nilikuwa na sababu zangu. Kesho yake Félicité akaniachia ya pili. Nilikuwa nina siku nane tangu nijifungue, mutoto alijichafua, analia, na minye siwezi kuteremuka ziwani. Nikatumia. Toka siku ile natumia. Waliomuua Sévère walinyunyiziwa maji yao mbele ya macho yangu, hapo uani. Unafikiri minye naweza kumuogesha mutoto wa Sévère kwa maji ya vile?"

Soda mmoja aliyekuwa anasafisha bunduki aliacha kusafisha. Komanda alitazama mtoto mgongoni, ambaye alikuwa amelala fofofo, na ngumi yake ndogo shingoni kwa mama.

"Na nani aliandika?" akauliza, taratibu zaidi.

"Mimi," Thaddée akasema kutoka chini.

Komanda akachukua ubao, akaushika mbele ya uso wa mzee. "Hapa mukono yangu inafunika herufi gani?"

Thaddée alikaza macho. Alikuwa anatazama nguzo.

"Ni minye," Léocadie akasema, na safari hii hakungoja. "Yeye haoni. Ni minye niliandika."

Komanda akaweka ubao chini. Alimtazama Léocadie kutoka kilemba mpaka miguu yenye magamba ya samaki, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni kuuliza.

"Weye jina nani? Bwana yako iko wapi?"

"Léocadie. Alikufa ziwani, siku nyingi."

"Watoto?"

"Mumoja."

"Iko wapi?"

Léocadie hakujibu. Hakuweza kudanganya tena siku hiyo, na ukweli hakuweza kuutoa mara ya pili. Komanda alikuwa hodari wa kusoma kimya. Akamgeukia mjane wa karani.

"Mama, weye unamujua huyu? Huyu iko muntu gani?"

Pudentienne alimgeukia Léocadie. Kuinua kidole ni kazi ndogo. Antoine alikuwa amesema hivyo, na mama yake aliuona ukweli wake sasa: ni kazi ndogo sana. Alitazama mkono wa Pudentienne, ule wa kulia, ulioshika pindo la nguo aliyombebea mtoto. Mkono ulibaki kwenye nguo.

"Namujua," Pudentienne akasema. "Ni mutu ananiletea maji."

Komanda alingoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akavaa kofia yake, akamwambia soda amfungue mzee, na akaamuru neno lile lisionekane tena mlangoni mpaka vita viishe, wala mtungi. Soda akaumwaga mtungi barazani, maji yakakimbia chini ya meza, yakashuka ngazi hadi barabarani. Kisha akampa Thaddée mtungi mtupu auchukue.

Walirudi watatu, mzee katikati amekumbatia mtungi na kikwembe, akiuliza kila mara wamefika wapi. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Walimfikisha kwake, akawabariki wote wawili kwa pamoja, mkono mmoja juu ya kila kichwa, bila kujua yupi ni yupi.

Wakabaki wao. Léocadie alianza, "Mama Agathe..."

"Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako." Pudentienne alitembea kidogo. "Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza. Na Antoine, Mungu akimurudisha, asipite mbele ya mulango wangu."

"Nimesikia."

"Nilijua kata yako iko mule. Kila ndoo nilijua."

Léocadie alilia bila sauti mpaka walipofika kwenye nyumba ile ambayo mlango wake ulikuwa umebaki wazi. Pudentienne akapanda kizingiti. Mtoto aliamka mgongoni, akaanza kulalamika, na mama akamtikisa kwa mabega. Alikwisha kuingia ndani aliposimama, mgongo bado umegeuka.

"Félicité anakuja amechelewa, jua likiwa kali," akasema. "Mutoto anaoga mapema. Kesho uje weye."

Léocadie alikwenda nyumbani, akatafuta ndoo isiyovuja.